TanzLII kwa mwandishi wa mahakama Arusha na Moshi: ni bure, lakini si ruhusa ya kuchapisha

Kwa mwandishi anayeripoti mahakama Arusha au Moshi, hakuna huduma ya bure inayoifikia TanzLII. Hii ni maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, kwa anwani ya tanzlii.org, na imebeba hukumu na maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, pamoja na sheria za nchi. Hulipi chochote, huhitaji kujisajili ili usome, na hukumu unaipakua ikiwa faili la PDF. Zamani kupata nakala kulikuwa na njia mbili: kumbembeleza karani wa masjala, au kumtegemea wakili wa upande mmoja, ambaye kwa kawaida alikupa zile kurasa zinazompendeza mteja wake. Sasa hukumu nzima iko kwenye simu, na kurasa zisizompendeza mtu zimo.

Tatizo linaanzia kwenye urahisi huohuo. Vyumba vingi vya habari vimejenga mazoea kwamba kilichopo TanzLII kimeshapata baraka ya kuchapishwa popote, kwa namna yoyote. Haiko hivyo. Tathmini hii haimhusu mwanasheria anayetafuta kesi za kujengea hoja. Huyo ameshajua thamani yake. Inamhusu mwandishi ambaye habari yake inatoka kesho asubuhi, na wiki ijayo inaweza kumletea barua ya wakili yenye kichwa kirefu na tarakimu za fidia zenye sifuri nyingi.

Tuanze na kutafuta, maana ndiko muda unakopotelea. Kisanduku cha utafutaji kinakubali jina la mhusika, nambari ya shauri au neno lolote lililomo ndani ya hukumu. Kwa mikoa hii ya kaskazini jina peke yake ni balaa. Andika Mollel au Laizer, Massawe au Kimaro, na utaletewa lundo la watu wasiohusiana kabisa. Zaidi ya hapo, makarani na majaji hawaandiki majina kwa namna moja: Mohamed leo, kesho Mohammed, keshokutwa Muhamed, Laizer huandikwa Laiser, Mollel huandikwa Molel. Ukikosa mara ya kwanza usihitimishe kwamba hukumu haipo. Badili tahajia, kisha chuja kwa mahakama na mwaka. Jina la kampuni nalo litafute bila maneno kama Limited, kwa sababu mara huandikwa kwa kirefu, mara kwa kifupi. Katika jinai, upande wa serikali huweza kuwa Jamhuri au Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa hiyo usiutegemee kutafutia. Tafuta kwa jina la mshtakiwa.

Njia ya uhakika ni nambari ya shauri na mwaka, na hizo huandikwa kwenye orodha ya mashauri ya siku. Mwandishi makini huinakili nambari hiyo akiwa bado mahakamani, kabla hata ya kuuliza jina la jaji. Hukumu nyingi ni za Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na zipo zinazoandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo ukitafuta mada, tafuta kwa lugha zote mbili: "kashfa" kwanza, kisha "defamation" na "libel". Weka alama za kunukuu ukitaka maneno yafuatane kama ulivyoyaandika.

Kila uamuzi una nambari yake ya nukuu: mwaka ndani ya mabano ya mraba, kisha TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, nambari ya uamuzi, na mwisho tarehe. Hii ndiyo iandikwe kwenye daftari lako na kwenye kumbukumbu za mhariri, kwa sababu majina ya wadaawa, yaani pande za kesi, yanafanana lakini nambari hii hairudiwi.

Ukishafungua hukumu, usikimbilie katikati. Soma ukurasa wa kwanza, hasa yale mabano yaliyo chini ya majina. Yanasema rufaa imetoka mahakama gani, kwa jaji au hakimu gani, tarehe ipi na kwenye shauri nambari ngapi. Mistari ile mitatu minne ina faida kubwa kwa mwandishi kuliko kurasa kumi za hoja, kwa kuwa inakupa historia ya kesi yote: ilianzia mahakama ya wilaya, ikaenda Mahakama Kuu, sasa iko Rufani. Ukiwa nayo, unaweza kurudi kutafuta uamuzi wa Mahakama Kuu na kuona nini hasa kilibadilishwa.

Kisha ruka moja kwa moja hadi mwisho, kwenye amri. Hapo ndipo mahakama inaposema imeamua nini. Baada ya hapo ndipo upande juu kutafuta sababu. Ukisoma kwa mpangilio wa kawaida utaangukia kosa lililo kubwa kuliko yote katika kuripoti kutoka TanzLII: kunukuu hoja ya wakili kama kauli ya mahakama. Majaji wetu hueleza kwa kirefu kila upande ulivyosema, wakati mwingine kurasa tano mfululizo, kabla ya kusema wao wenyewe neno moja. Ndani ya kurasa hizo kuna sentensi kali: kwamba mrufani ni tapeli, kwamba nyaraka zimeghushiwa, kwamba shahidi alihongwa. Mwandishi mwenye haraka huichomoa sentensi hiyo na kuandika "Mahakama imesema". Mahakama haikusema. Imesimulia tu alichosema wakili, na huenda ukurasa unaofuata imekikataa.

Kosa hilo ndilo linalokunyang'anya kinga. Kuripoti mwenendo wa mahakama kuna ulinzi dhidi ya madai ya kashfa, lakini ulinzi huo hukaa juu ya sharti kwamba taarifa iwe ya haki na iwe sahihi, na kwamba mahakama yenyewe haijazuia kuchapishwa. Taarifa ya haki haimaanishi kuandika kila kitu. Redio ina dakika mbili tu. Maana yake ni kwamba msikilizaji asibaki na picha tofauti na ile aliyokuwa nayo mtu aliyekaa mahakamani siku ile. Ukiripoti hoja za mashtaka, ripoti na utetezi. Ukianza kuripoti kesi siku ya kusomewa mashtaka kwa kichwa cha habari kikubwa, fuata mpaka hukumu. Na mtu akishinda, mpe nafasi isiyotia aibu ukiilinganisha na ile uliyompa siku anafikishwa kortini kwa pingu. Hapa TanzLII inasaidia sana: kesi ambayo chumba cha habari kiliisahau miaka miwili iliyopita unaweza kuikuta imeamuliwa rufaa, ukaifunga habari yako ipasavyo.

Matokeo ya kesi yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote, maana hapo ndipo vichwa vya habari vinapoharibika. Shauri kuondolewa mahakamani kwa kasoro ya kisheria si sawa na shauri kutupwa baada ya kusikilizwa. Lililoondolewa linaweza kurudi likiwa limerekebishwa; lililotupwa kwa uamuzi limefikia mwisho wake mbele ya mahakama ile. Tofauti hii imekaa katika sheria zetu tangu enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Ngoni-Matengo la 1959, na bado mawakili huinukuu hadi leo. Katika jinai napo, mshtakiwa ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka amemwondolea shtaka anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Aliyeachiwa baada ya ushahidi kusikilizwa hawezi, isipokuwa rufaa ishinde. Kuandika kwamba wote wawili "wameshinda kesi" ni kosa, na kuandika kwamba wa kwanza "amekwepa mkono wa sheria" ni kosa baya zaidi, tena linalolipiwa.

Mahakama ya Rufani nayo ina kawaida ya kufuta mwenendo mzima wa mahakama za chini inapokuta kasoro, hata ambayo wadaawa hawakuilalamikia. Mara nyingine huamuru kesi isikilizwe upya, mara nyingine humwachia mrufani. Kurasa kumi na mbili za kwanza za hukumu mbili kama hizo zinaweza kufanana. Kinachozitenganisha ni aya ya mwisho.

Mfano mzuri wa kufanyia mazoezi upo hapahapa Arusha. Aprili 2012 Mahakama Kuu Arusha ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini, katika shauri lililotokana na lugha iliyotumika kwenye kampeni. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Anayesoma hukumu ya Aprili peke yake ataandika kwamba mahakama ilithibitisha alitukana. Anayeona matokeo ya Desemba bila kusoma ataandika kwamba alisafishwa. Ukweli ni kwamba rufani iliamuliwa kwa hoja ya nani ana haki ya kufungua shauri la aina hiyo, kwamba mpiga kura aonyeshe haki yake mwenyewe iliyoguswa. Uamuzi wa namna hiyo haumwambii msomaji kama maneno yalisemwa au hayakusemwa, na mwandishi asijaribu kumjazia.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yetu, kila mhariri wa Arusha na Moshi angeibandika ukutani: makosa ya kujamiiana. Hukumu za ubakaji na ulawiti zimejaa TanzLII, na ushahidi umeelezwa humo bila kificho. Jina la mwathirika mara nyingi huwa limefichwa kwa herufi au kwa nambari ya shahidi, kwa hiyo mwandishi huona yuko salama. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, katika kile ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kifungu cha 186(3), inasema ushahidi katika kesi hizi usikilizwe faraghani, na inakataza ushahidi na mashahidi wa kesi hizo kuchapishwa na gazeti au chombo chochote cha habari. Kinachoruhusiwa ni taarifa za sheria zinazochapishwa kwa nia njema na majarida ya kitaalamu ya wanasheria au madaktari.

Maktaba ya hukumu iko upande wa ruhusa. Gazeti lako haliko. Maneno yaleyale, aya ileile, ukiyahamisha kutoka TanzLII kwenda ukurasa wa tatu wa gazeti au ukurasa wa redio mtandaoni, umevuka mstari. Usomaji salama ni huu: taja kosa, mahakama, kama mshtakiwa ametiwa hatiani au la, na adhabu. Acha simulizi ya ushahidi. Acha pia vile vitu vidogo vinavyomtambulisha mtoto hata bila jina, kama kijiji, shule, darasa, kazi ya baba, au uhusiano wake na mshtakiwa. Ukiandika kwamba mshtakiwa ni baba wa kambo wa mtoto na ukataja jina la mshtakiwa na kitongoji chake, herufi mbili za jina la mtoto hazifichi kitu. Pale Machame au Ngaramtoni watu wanajuana hadi ukoo. Ndiyo, magazeti mengi yanachapisha simulizi hizo kila wiki na hayashtakiwi. Hilo si tafsiri ya sheria.

Watoto wanaoshtakiwa kwa makosa nao wanalindwa: mahakama ya watoto haiketi hadharani, na hukumu ya rufaa ikitokea kufika TanzLII ikiwa na jina kamili, jina hilo usilipeleke kwa wasikilizaji wako. Hivyo hivyo kwa taarifa nyingine zilizozama ndani ya hukumu, kama nambari za simu, hali ya afya, akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha tangu kabla ya hapo. Jaji alihitaji taarifa hizo ili kuamua. Jiulize kama msikilizaji anazihitaji ili kuelewa. Mara nyingi jibu ni hapana, na habari yako haipungui ladha.

Kuhusu sheria zenyewe, TanzLII ni nzuri lakini inadai macho mawili. Kwanza, sheria zilizofanyiwa urekebu, toleo la mwaka 2023, zilianza kutumika 1 Julai 2025, na nambari za vifungu katika baadhi ya sheria zimehama. Hukumu ya 2019 inayotaja kifungu fulani haikuhakikishii kwamba leo kifungu hicho kina nambari ileile. Fungua sheria, angalia ni toleo gani, tafuta maneno ya kifungu na si nambari. Hata nambari tulizotaja humu zisome kwa tahadhari hiyo.

Pili, maandishi ya sheria hayabebi pembeni yake kila hukumu iliyoyagusa. Mfano ulio wazi ni Sheria ya Huduma za Habari, Na. 12 ya 2016, ambayo ndiyo yenye vifungu vya kashfa kwa vyombo vya habari. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake ni hapa Arusha, iliamua katika shauri Na. 2 la 2017, lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na taasisi mbili za haki za binadamu, kwamba vifungu kadhaa, vikiwemo vya 35 hadi 40 kuhusu kashfa na vya 52 na 53 kuhusu uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini kufuta au kubadili sheria ya Tanzania ni kazi ya Bunge, na Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2023. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kueleza hali ya sheria ya kashfa anahitaji vitu vitatu mezani: sheria ya 2016, hukumu ya 2019, marekebisho ya 2023. Kimoja kikikosekana atapotosha, na atapotosha kwa kujiamini kabisa.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii kwa mwandishi wa habari ni kwamba inakuja mwishoni. Inakupa uamuzi, haikupi siku. Kilichosemwa leo asubuhi katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Arusha hakitakuwemo, na hukumu yenyewe hupakiwa baada ya kusomwa, wakati mwingine baada ya muda. Angalia pia mwisho wa hukumu za Rufani: tarehe ya kutiwa sahihi na tarehe ya kusomwa kwa wadaawa huweza kutofautiana, na siku hizi nyingi husomwa kwa njia ya video wadaawa wakiwa mji mwingine. Ukiandika "jana mjini Arusha" bila kusoma aya hiyo unaweza kuwa umehamisha mahakama.

Uzito wa maktaba uko kwenye mahakama za juu. Kesi za Mahakama ya Mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi, ambako ndiko mwandishi wa mkoa anakoshinda, nyingi hutazikuta mpaka zikatiwe rufaa. Kwa hizo, daftari lako ndilo rekodi. Wala hutakuta hati ya madai au utetezi wa maandishi. Hati hizo ndizo zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na muhuri wa mahakama, na muhuri ule unawadanganya wengi. Unaonyesha tu kwamba hati imepokelewa. Hati ambayo haijafikishwa mbele ya jaji hadharani ni madai ya mtu dhidi ya mwenzake, na ukiyachapisha unayarudia kwa jina lako. Maneno ya wakili kwenye korido, au nje chini ya mijakaranda akizungukwa na maikrofoni, nayo hayamo kwenye mwenendo wa mahakama. Kinga inaishia mlangoni.

Kesi ikiwa bado inaendelea, hukumu ya zamani ya mtuhumiwa huyohuyo uliyoichimba TanzLII iache kwanza. Kuipata ni dakika tatu. Kuichapisha wakati shahidi wa pili bado hajapanda kizimbani kunaweza kuhesabiwa ni kuiathiri kesi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 114, inahesabu kuwa ni kosa kuchapisha jambo linalopotosha shauri linaloendelea au linaloweza kuelekeza watu upande mmoja, na pia kuripoti ushahidi ambao mahakama imeamuru usikilizwe faraghani.

Baada ya kuchapisha, usifute faili. Madai ya kashfa ni madai ya madhara (tort), na chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, mdai ana miaka 3. Waziri mwenye dhamana anaweza kuongeza muda usiozidi nusu yake, kwa hiyo hesabu miaka minne na nusu. Hifadhi PDF uliyoisoma, siku uliyoipakua, kurasa za daftari na habari kama ilivyotoka, kwenye folda moja yenye nambari ya nukuu kama jina. Kiungo cha mtandao peke yake hakitoshi: uamuzi unaweza kupakiwa upya ukiwa umerekebishwa, na mwandishi anahitaji kuonyesha alichokisoma siku ile.

Kwenye simu tovuti inafunguka vizuri hata kwa mtandao dhaifu, ila baadhi ya hukumu za zamani ni karatasi zilizopigwa picha. Faili ni zito, linakula bando, na maneno yaliyo ndani hayatafutiki. Kwa hizo tumia jina na nambari pekee. Maamuzi ya miaka ya 1980 na 1990 mara nyingi hunukuliwa kwa juzuu za TLR (Tanzania Law Reports). Ukikuta nukuu ya namna hiyo na TanzLII haina, nenda ofisi ya wakili mwenye rafu za vitabu.

Arusha ina bahati ya kuwa na mahakama mbili za kikanda za Afrika ambazo kila moja ina tovuti yake, na kwa habari za uhuru wa vyombo vya habari huwezi kuishia TanzLII. Ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ndiyo ya kwenda kuchukua hukumu ya 2019 tuliyoitaja, na ile ya 15 Mei 2015 kuhusu sheria ya habari ya Burundi. Ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo katika jengo la TANAPA barabara ya Dodoma, ina hukumu ya Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso ya 5 Desemba 2014, ambayo hunukuliwa vibaya karibu kila Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari. Konaté, mhariri wa gazeti, alifungwa miezi 12 kwa kashfa. Mahakama ilisema kifungo kwa kosa hilo kinakiuka Mkataba wa Afrika, ikiacha mlango kwa mambo mazito kama uchochezi wa uhalifu wa kimataifa na wa chuki. Haikusema kashfa isiwe jinai kabisa. Majaji wanne kati ya kumi ndio waliotaka kufika huko, na walibaki wachache. Na kabla ya kuwaambia wasomaji kwamba Mtanzania yeyote anaweza kupeleka malalamiko kama hayo pale, kumbuka kwamba Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Kwa kutafuta, tovuti za mahakama hizo mbili ziko nyuma ya TanzLII: huko ni rahisi zaidi ukiwa tayari na nambari ya shauri kuliko ukitafuta kwa mada. Lakini zina kitu ambacho TanzLII haina, nacho ni taarifa za vikao, na mara nyingi vikao vyenyewe kwa video. Mwandishi aliyekosa nauli ya kufika barabara ya Dodoma anaweza kusikiliza hoja akiwa Moshi, akaandika habari siku ileile.